Darubini ya Sulle na Maksai wa Monica

Maretadu,
14 Mei 2023

Mdogo wangu Herman,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na Hilda hajambo, na mama mkwe wako mguu wake unaendeleaje? Nilisikia ameanza kutembea hadi dukani bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Sisi huku afya ipo. Maharage tumeng'oa, mahindi yamebeba vizuri, ila mvua haijataka kuondoka. Asubuhi ukisimama mlangoni huoni zizi, ni ukungu tu.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nikifika kwenye jambo lenyewe unasema mtandao unakatika. Umekatika mara nne, Herman, na mara zote nne ni baada ya mimi kutamka neno darubini. Karatasi haikatiki. Konda wa basi ataileta mpaka kibandani kwako, na nimemwambia asiondoke mpaka uipokee mkononi.

Sasa sikiliza lililotokea. Tarehe tatu mwezi huu, kunapambazuka, Monica alikuja kumwita shemeji yako. Monica ni yule mjane wa hapo chini kwenye kijito. Nguruwe pori walikuwa ndani ya mahindi yake. Sulle akachukua bunduki, maana ndiye peke yake mwenye kibali hapa kijijini, na afisa wanyamapori alikuwa ameshamwandikia ruhusa ya nguruwe wa msimu huu. Akaifunga juu yake ile darubini uliyomletea mwezi wa pili. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alipiga goti, akachungulia, akafuta kioo kwa pindo la shati, akachungulia, akafuta tena. Akasema, "Natalia, huu ukungu uko ndani." Halafu akasema, "Haya, nimemwona," akapiga.

Nguruwe akakimbia. Aliyeanguka ni maksai wa Monica, aliyekuwa amefungwa kwenye kisiki nyuma ya mahindi, upande wa kulia.

Habari ya kulipa maksai siyo ninayokuandikia. Jioni ile ile Sulle alimpelekea Monica maksai wetu mkubwa, akamfunga mwenyewe kwenye zizi lake. Ninachokuandikia ni jina la mume wangu. Bunduki imechukuliwa, iko kituoni, na mkutano wa kijiji utaamua kama wamwandikie barua nzuri arudishiwe au wamwombee anyang'anywe kibali moja kwa moja. Huko kilabuni Akonaay, yule mjumbe mwenye mdomo, anasema, "Ficheni ng'ombe, Sulle anatafuta nguruwe." Watu wanacheka. Hao hao aliowalindia mashamba miaka kumi na minane.

Nataka unijibu jambo moja tu. Tulipatana kwamba kabla ya kununua utamwuliza Mzee Abdulrahmani, yule wa Katesh anayetengeneza saa, kwa sababu alibeba bunduki za wawindaji kwenye makambi tangu ujana wake na hivi vitu anavijua. Ulimwuliza?

Dada yako,
Natalia


Katesh,
6 Juni 2023

Dada Natalia,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo na shemeji shikamoo yake. Huku hatujambo. Mama anatembea, sasa kazi ni kumzuia asitembee. Hilda anakusalimu sana na amepanda vitunguu nyuma ya nyumba. Upepo wa huku kwenye mlima umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chaja ninazouza. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na safari za Singida.

Nimesikitika kwa maksai wa huyo mama. Lakini dada, ile darubini ni kitu kizuri. Niliishika mwenyewe. Ni nzito, nyeusi, imeandikwa inavuta mara ishirini na nne, wakati ile ya zamani ya shemeji ilikuwa inavuta mara nne tu. Niliisimamisha pale stendi saa sita mchana nikaangalia Mlima Hanang, nikaona mti mmoja mmoja kule juu. Kioo kama maji ya chemchemi. Muuzaji alinihakikishia haiingii maji wala vumbi, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi.

Tena mwezi wa pili shemeji aliipiga majaribio mbele ya afisa, akatoboa kopo hatua mia moja mara tatu. Wewe mwenyewe ulinipigia simu unacheka. Sasa kitu kilichokuwa kizima mwezi wa pili kimeharibikaje mwezi wa tano? Darubini haizai ukungu yenyewe. Mliitunza wapi wakati wa mvua? Na shemeji alipoifunga tena, kwa nini hakupiga risasi ya majaribio kwanza?

Naomba usinikasirikie kwa hili la mwisho. Shemeji ana miaka hamsini na sita. Haiwezekani ikawa ni macho kweli?

Mdogo wako,
Herman


Maretadu,
18 Juni 2023

Herman,

Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo. Mwambie Hilda vitunguu avipunguzie maji.

Barua yako ililetwa tukiwa tumekaa nje, mimi na Sulle, tunapukuchua mahindi ya mwaka jana. Akasema, "Soma tusikie ndugu yako anasemaje." Nikasoma kwa sauti, mjinga mimi, bila kuipitishia macho kwanza. Nikasoma mpaka ule mstari wa mwisho. Nilipotaka kuuruka nilikuwa nimeshasema "hamsini na sita." Akaniambia, "Malizia." Nikamalizia. Aliendelea kupukuchua gunzi lile lile ambalo lilikuwa halina punje tena.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kusoma somo la kwanza pale kigangoni. Unajua anavyosoma, watu wa Yaeda Chini wakipanda huku kuuza mbuzi husimama dirishani kumsikiliza. Alimpa kitabu Onesphory, mwalimu wa kwaya, akamwambia, "Nisomee wewe, herufi zinanikimbia." Leo pia. Na jioni ananipa mimi Injili nimsomee, yeye anafumba macho. Mwanaume aliyeweza kukuambia ng'ombe wa nani ni yupi wakiwa ng'ambo ya bonde. Wewe ndiye uliyemwekea maneno hayo kichwani, kutoka Katesh, kwa shilingi za kalamu tu.

Unauliza kwa nini hakupiga risasi ya majaribio. Risasi anazopewa kwa msimu zinahesabika, na Monica alikuwa mlangoni analia kwamba mahindi yanakwisha. Ulitaka Sulle amwambie, "Subiri mama, nitafute kopo"?

Na unaniambia habari ya mlima saa sita mchana. Herman, saa sita mchana hata mimi bila darubini nauona huo mlima. Nguruwe hawaji saa sita. Wanakuja wakati giza na mwanga vinagawana, na ukungu upo. Hapo ndipo ilipotakiwa ione.

Nakutumia darubini yenyewe pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye khanga yangu ya zamani. Irudishe kwa huyo muuzaji wako umwonyeshe huo ukungu uliolala ndani. Hapa hapa uniambie: Mzee Abdulrahmani ulimwuliza? Nimekuuliza mara moja ukaniambia habari za vumbi. Sasa ni mara ya pili.

Natalia


Katesh,
20 Julai 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Najua nimechelewa na najua umekasirika. Mama alianguka bafuni, si sana, lakini tulikuwa hospitali siku sita. Sasa yuko nyumbani anatoa amri kama kawaida. Hilda anasema asante kwa habari ya vitunguu.

Muuzaji sikumpata. Kile kibanda kimekuwa cha kuuza mitumba, na vijana waliopo wanasema hawamjui. Nikaipeleka darubini kwa fundi mmoja hapa mjini. Alichukua beseni la maji ya vuguvugu akaizamisha, akatulia anaangalia. Viputo vikatoka pande zote mbili, kwenye kioo cha mbele na kwenye kile cha jicho. Akasema darubini nzima haitoi hata kiputo kimoja, kwa sababu ndani yake huwekwa hewa maalumu isiyo na unyevu na kuzibwa kwa mpira. Huu mpira umekauka na kupasuka, hewa ile imeshatoka na unyevu wa kwenu umeingia. Halafu akachungulia msalaba wa kulengea, yaani ule wa ndani, akazungusha kile kifungo cha kuupeleka kulia na kushoto. Umelegea. Akasema ukiugonga tu unahama.

Dada, kuna jambo jingine. Kabla hajaizamisha aliinusa. Aliinusa mara mbili. Akaniuliza, "Huko ilikotoka wanapikia kuni?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hiki kitu kimekaa juu ya moto."

Nakuuliza tena kwa heshima. Iliwekwa wapi?

Herman


Maretadu,
2 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nampa pole mama mkwe wako. Sisi tumeshavuna, magunia yako ndani. Monica amebeba mahindi yake kwa mkokoteni unaovutwa na maksai wetu, na kila akipita hapa mlangoni anaangalia pembeni, siyo kwa chuki, kwa aibu ya kutuona tulivyo.

Fundi mmoja. Katesh nzima kuna watu wangapi wanaonusa darubini? Una miaka arobaini na tatu na bado unaniandikia kama ulivyokuwa unamwambia baba kwamba "mtu mmoja" ameacha ndama wakanyonya.

Lakini nimekaa na barua yako siku tano, nikaenda kuungama, na padre hakunipa kitubio, ameniambia niende kwanza nikaseme. Basi naanza na wewe.

Mwezi wa tatu Sulle alishuka Yaeda Chini na ng'ombe kuwalambisha magadi. Alikaa wiki tatu. Bunduki aliifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo akaondoka nao, darubini akaiacha kabatini kwenye boksi lake. Mvua ile ya mwezi wa tatu unaijua. Siku moja nafungua kabati, boksi limeota uyoga, kitambaa chake kimekuwa cheusi kwa kuvu. Nikashtuka. Nikafikiri, kitu cha gharama hivi kitaozea mkononi mwangu mwenye nacho hayupo. Nikakitia kwenye mfuko wa kitani nikakitundika jikoni, juu ya moto, pale pale panapotundikwa mahindi ya mbegu. Mbegu ya mama yetu ilikaa pale, ya bibi yetu ilikaa pale, hakuna kilichowahi kuharibika pale. Kila kitu ambacho unataka kikae salama mpaka msimu ujao unakiweka juu ya moshi. Nani angenifundisha kingine?

Nilikitoa siku moja kabla hajarudi. Nilikifuta masizi kwa mafuta ya nazi nikakirudisha kwenye boksi jipya la sabuni. Aliniuliza boksi lake liko wapi, nikasema panya.

Kwa hiyo nilijua tangu asubuhi ile aliposema ukungu uko ndani. Nilijua hata kabla maksai hajaanguka, Herman. Na nilipokuandikia nikikulaumu nilijua. Na kila jioni anaponipa Injili nimsomee ninajua, ninasoma, ninafunga kitabu.

Mkutano ni tarehe ishirini na sita mwezi huu. Sasa mimi nimesema langu. Hii ni mara ya tatu nakuuliza na sitakuuliza ya nne. Ulimwuliza Abdulrahmani kabla ya kununua, au hukumwuliza?

Natalia


Katesh,
9 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo na ninajibu leo.

Sikumwuliza. Tuligombana mwaka jana kwa ajili ya simu niliyomuuzia mjukuu wake Farida ikafa baada ya wiki mbili. Aliniita tapeli mbele ya watu wakitoka msikitini. Nikaapa sitakanyaga kwake. Nilipoona darubini imeandikwa ishirini na nne nikasema, nina haja gani na mzee.

Fundi ni yeye. Siku ile ya beseni nilienda kwake na barua yako ya Juni mfukoni. Aliniangalia akasema, "Umeleta nyingine iliyokufa?" Halafu akavuta kigoda nikae.

Leo jioni nimemrudia na barua yako hii mpya, na nakuandikia aliyoyasema kwa sababu yanakuhusu. Alisema usijilaumu wewe peke yako. Moto ulimalizia, lakini kitu chenyewe kilikuwa kibovu tangu dukani, na mvua ya pili au ya tatu ingekimaliza hata bila jiko. Alinipeleka uani jua limeshazama, akanipa hii yetu na nyingine yake ya zamani, ndogo, imechubuka rangi yote, inavuta mara sita tu. Akaniambia nitazame kamba ya nguo ya jirani. Kwa hii yetu nikaona weusi, na pembeni picha imepinda kama kitu kilichomo ndani ya chupa. Kwa ile yake nikahesabu vibanio. Akasema, "Namba kubwa ni ya kuuzia. Kioo unakipima wakati mwanga unakwisha, na uimara unaupima kwa kupiga risasi, unagonga kwa nyundo ya mti, unapiga tena. Ikirudi palepale, nunua. Wewe ulipima nini?" Nikamwambia nilipima mlima. Akacheka mpaka mke wake Sauda akatoka kuangalia.

Amekubali kuandika karatasi kwa ajili ya mkutano, anaeleza hali ya darubini, na ameweka sahihi. Nimeiweka humu. Kuja mwenyewe sitaweza, mama bado.

Naomba unisamehe. Shemeji mwambie chochote utakachoona kinafaa.

Herman


Maretadu,
3 Septemba 2023

Mdogo wangu Herman,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na wa nyumbani mwako wote hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili. Nimechelewa kidogo kukuandikia kwa sababu nilikuwa sijui niandike kutoka wapi.

Mkutano ulifanyika. Mwenyekiti alisoma karatasi ya Mzee Abdulrahmani yote, na watu wakaanza kunung'unika kwa upole, wengine wakisema basi yaishe. Akonaay akasimama. Akasema, "Karatasi inasema mpira ulipikwa. Nani alipika? Darubini imejipeleka jikoni?" Watu wakacheka. Sulle alikuwa amekaa mbele, kofia magotini, naye akacheka kidogo, maana hakujua.

Nikasimama. Sijawahi kusema kwenye mkutano wa kijiji tangu nizaliwe. Nikasema ni mimi. Nikasema jikoni kwangu, juu ya moto, pamoja na mbegu, na nikasema nilidanganya habari ya panya. Nikasema pia, na hapa hasira zilinipanda mpaka nikasahau kuona aibu, kwamba hakuna mwanamke kwenye uwanja ule ambaye asingeitundika pale pale, na kwamba kwa miezi minne wamemcheka mtu mzima wakinywa pombe ya mahindi aliyoyalinda yeye. Nikamwambia Akonaay, "Wewe mwaka juzi fisi alipoingia kwenye mbuzi wako ulimwita nani?" Akakaa. Wanawake wakaanza kusema, "Kweli, hata mimi ningeweka." Monica akasema kwamba yeye redio yake iko pale juu sasa hivi.

Barua nzuri imeandikwa. Bunduki itarudi, bila darubini yoyote.

Ulitegemea niseme tulirudi nyumbani tumefurahi. Sulle alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika hakuniuliza habari ya jiko. Jiko alilisamehe pale pale mkutanoni, nilimwona usoni. Aliingia ndani akachukua kitabu cha Injili, akasimama mlangoni kwenye mwanga, akasoma ukurasa mmoja kimya, akageuza, akasoma mwingine. Akaniambia, "Naona." Halafu akasema, "Miezi mitatu umenisomea kama kipofu, na ulikuwa unajua naona."

Nikaenda jikoni, Herman, nikawasha moto.

Akataka barua. Alijua tunaandikiana, tangu ile ya kwanza niliyomsomea, ila nyingine nilikuwa nazificha kwenye pipa la unga. Nikampa zako zote, na zangu nikamweleza nilivyoandika. Alikaa nje juani asubuhi nzima akazisoma mwenyewe, moja moja, bila haraka. Aliposoma pale kwenye "mwambie chochote utakachoona kinafaa" akairudia mara mbili. Akazikunja akanirudishia. Akasema, "Kumbe mlikuwa watu wawili mnaopanga niambiwe nini, na mimi nimekaa hapa hapa napukuchua mahindi."

Anakula ninachopika. Anasalimia. Kusali tunasali pamoja. Lakini hanipi kitabu tena wala hanisomei, kila mmoja anasoma chake.

Jana alinipa ujumbe wako. Alisema, "Mwandikie Herman. Mwambie simtaki kwa karatasi. Aje hapa, akae mbele yangu, aniambie kwa mdomo wake kwamba alinunua bila kuuliza, na kwamba macho yangu, ambayo aliyalaumu, hayakuwa na kosa. Akishasema atakula, atalala, ataondoka. Asipokuja, basi nitajua ninaye shemeji wa barua."

Mimi sikuongeza neno wala sikupunguza. Hilda atamwangalia mama mkwe wako siku mbili, na mabasi yapo. Naomba unijibu mapema, uniandikie ni siku gani utafika, nimwambie.

Dada yako,
Natalia